Ukingo Mweusi wa Dirisha: Rangi Inayopakwa kwa Ndani



Twamwomba msomaji wetu afanye jambo dogo kabla ya kuendelea. Atoke barazani alitazame gari lolote lililo karibu, liwe matatu au liwe gari la jirani. Asitazame kioo wala asitazame bati, bali atazame pale viwili hivyo vinapokutana. Ataona mstari mweusi mwembamba uliolizunguka dirisha. Katika magari ya zamani mstari huo ni raba iliyokishika kioo. Katika magari ya siku hizi, kwenye kioo cha mbele, ni ukanda mweusi uliochomewa juu ya kioo huko kiwandani, na kazi yake ni kuificha gundi na kuikinga jua lisiiharibu. Akisogea karibu zaidi ataona kwamba ukanda huo haukatiki ghafla, bali huishia kwa vitone vidogovidogo vinavyozidi kupungua kuelekea katikati ya kioo. Tumepanda magari maisha yetu yote, na wengi wetu hatujapata kuviona vitone hivyo.

Mstari huo huo, uliopunguzwa hadi ukafikia upana wa milimita mbili, ndio tuliokusudia kuuandikia leo. Gari lenyewe si la kupanda. Ni gari dogo linaloendeshwa kwa mawimbi ya redio, lile ambalo watoto wetu huliita gari la rimoti, na ukingo wa dirisha lake haukuja na gari kutoka kiwandani. Hupakwa kwa mkono na mwenye gari.

Huenda ikasemwa kwamba Sheikh ameishiwa na mambo ya kuandika. Si neno. Likizo za skuli zatujia mara tatu kwa mwaka, na kila mzazi ajua jinsi kijana wa miaka kumi na tatu anavyoweza kukaa na simu kutwa nzima bila kuinua macho. Kazi inayomfanya kijana huyo ainamishe kichwa juu ya kitu chenye uzito, akipime, akikate, akisubiri kikauke, ni kazi yenye haki ya kupewa ukurasa. Hata hivyo hatumwambii mtu akanunue. Vitu hivi ni ghali, na karo ya skuli hutangulia.

Asili ya magari haya si kwetu. Jina lililotangaa sana katika mambo haya ni la kampuni ya Tamiya, ya mji wa Shizuoka huko Japani, iliyoanza mwaka 1946 ikiwa biashara ya mbao kabla ya kugeukia magari na ndege za mfano za plastiki. Gari lake la kwanza la mawimbi ya redio lilitoka mwaka 1976, nalo lilikuwa Porsche 934, kwa kipimo cha moja kwa kumi na mbili. Kipimo kilichoenea sana leo ni cha moja kwa kumi. Maana yake ni kwamba raba ya dirisha yenye upana wa milimita 20 katika gari la kweli yapasa iwe milimita 2 katika gari la mfano. Fundi akiipaka milimita 4, jicho hukataa papo hapo. Mtazamaji huenda asijue kosa liko wapi, lakini atasema tu kwamba hilo ni toi.

Bodi za magari haya ni za namna mbili, na ni lazima zitenganishwe, kwani kila moja ina sheria zake. Ipo ya plastiki ngumu, ambayo hupakwa rangi kwa nje kama ukuta wa nyumba au kama mashua. Na ipo ya polikaboneti, plastiki angavu kama kioo. Plastiki hii ilivumbuliwa mwaka 1953 na watu wawili waliokuwa mbalimbali: Hermann Schnell katika kampuni ya Bayer huko Ujerumani, na Daniel Fox katika kampuni ya General Electric huko Marekani. Kampuni hiyo ya Marekani iliiita Lexan. Mwaka 2007 kitengo hicho cha plastiki kilinunuliwa na SABIC ya Saudi Arabia, na kwa hivyo jina la Lexan, ambalo wapenda magari haya hulitaja kila siku, likaingia mikononi mwa watu wa Riyadh.

Polikaboneti haivunjiki kwa wepesi. Bodi yake huwa na unene wa milimita moja au pungufu, na gari likigonga ukuta hukunjika kisha ikarejea ilivyokuwa. Lakini gari linalopinduka kila siku juu ya saruji likipakwa rangi kwa nje, rangi hiyo haitamaliza wiki. Kwa sababu hiyo bodi ya polikaboneti hupakwa kwa ndani, na plastiki yenyewe ikawa ngao ya rangi.

Hapa ndipo akili yapaswa kugeuka. Mtu apakaye ukuta huanza kwa mkono wa kwanza, ambao hauonekani tena, na humaliza kwa mkono wa mwisho, ambao ndio watu watakaousifu. Katika bodi hii mambo ni kinyume chake. Mkono wa kwanza unaogusa plastiki ndio utakaoonekana daima, na wa mwisho hauonekani na yeyote isipokuwa afungua gari. Mpaka wa rangi ukipinda mara ya kwanza, hakuna rangi ya pili itakayoufunika, kwa kuwa hiyo ya pili itakaa nyuma yake. Ndiyo maana wapo watu wazima, mafundi hodari wa mambo mengine, ambao hupaka bodi nzima vizuri kisha mkono ukaanza kuwatetemeka wafikapo dirishani.

Ufundi wa namna hii haukuanza na magari ya mchezo. Huko Senegal kuna picha zinazochorwa nyuma ya kioo, ambazo wenyeji huziita suwer. Nyingi kati ya hizo za zamani zilihusu mambo ya dini yetu na sura za masheikh wao, akiwemo Sheikh Amadou Bamba. Mchoraji huanza na mistari ya wino mweusi, hutia mapambo madogo, na mwisho kabisa ndipo hujaza rangi kubwa ya nyuma. Kisha hukigeuza kioo. Yule wa Dakar mwenye kioo na kijana mwenye bodi ya Lexan hawajuani, lakini wote wawili huanza pale ambapo wachoraji wengine humalizia.

Sasa na tueleze tuliyoyaona kwa macho yetu, kwani maelezo matupu hayamfundishi mtu kushika tepu.

Mwana wa ndugu yetu anafanya kazi Doha, na huja nyumbani mara moja kwa mwaka. Safari moja alimletea mwanawe gari la rimoti lenye bodi angavu isiyopakwa. Kijana, kwa haraka ya ujana, aliipaka kwa kopo la rangi ya kupuliza la kawaida, lile la kupakia mageti. Ilimetameta siku mbili. Gari lilipopinduka mara ya kwanza rangi ilibanduka kama magamba ya changu chini ya kisu. Polikaboneti hujikunja, na rangi ya chuma haikuumbwa kujikunja nayo. Zipo rangi zilizotengenezwa kwa ajili ya plastiki hii pekee, zinazoshikamana nayo. Kwa Tamiya makopo yake yana herufi PS, ilhali yale ya plastiki ngumu yana herufi TS. Si vyema kuyachanganya, kwani ile PS huila plastiki ngumu, na ile TS hubanduka kwenye polikaboneti. Duka la vifaa vya ujenzi halina hii wala ile.

Baba mtu alisikitika, lakini baada ya miezi akatuma bodi ya pili kwa mkono wa msafiri, pamoja na makopo matatu: buluu ya kumetameta, fedha na nyeusi. Ilikuwa bodi ya Subaru Impreza, gari ambalo Colin McRae alishindia Safari Rally mwaka 1997, na ambalo vijana wetu hulijua kama wanavyojua majina yao. Kwenye simu alisema maneno machache. "Hii ikiharibika, mwanangu, hapana nyingine mwaka huu. Nikija Idi Kubwa nataka kuiona inakimbia."

Basi kijana akaogopa. Bodi ilikaa juu ya kabati wiki mbili ndani ya kasha lake, naye kila siku huishusha, huitazama, huirudisha. Ndani ya kasha mlikuwa na karatasi ya vibandiko, na miongoni mwake kingo nyeusi za madirisha zilizokatwa tayari. Angeweza kuzibandika kwa nje na kazi ikesha. Wengi hufanya hivyo, wala hatuwalaumu. Lakini kibandiko chembamba cha milimita 2 hakipendi kona. Hujikunja kwa ndani, hunyanyuka kwa nje, vumbi likaingia chini yake, na baada ya mchezo mara tatu ncha zake huanza kupepea.

Aliyesema hivyo hakuwa fundi wa magari. Alikuwa shangazi yake kijana, binti wa ndugu yetu, ambaye kazi yake ni kuwapamba maharusi kwa hina na piko. (Piko la siku hizi lina madawa yanayochoma ngozi za watu, na tumeshamwambia, hilo lina makala yake.) Alikuja kwa shughuli nyingine, akaiona karatasi ile ya vibandiko, akaipitisha kidole.

"Mstari wenu huu," akamuuliza kijana, "unanenepa wapi na unakonda wapi?"

"Haunenepi, shangazi. Sawasawa kote."

"Basi huo ndio mgumu."

Tulimtaka atufafanulie, naye akasema, "Ami, mstari wa piko ni kama jani. Huanza mwembamba, hunenepa tumboni, humalizika kwa ncha. Mkono ukitetemeka, jani litaficha. Mstari wa sawasawa hauna pa kuficha." Tangu siku hiyo tumekuwa tukiitazama mistari ya majengo, ya milango, hata ya vitabu, kwa jicho jingine.

Kazi ilifanyika kwa siku mbili za mwezi wa Aprili, baina ya mvua na mvua. Rangi za namna hii hazipendi hewa yenye maji, nayo masika kwetu ni hewa ya maji mtupu. Walingoja asubuhi moja iliyotakata. Bodi ilioshwa kwa ndani kwa maji vuguvugu na sabuni ya vyombo, ikaachwa ikauke yenyewe, na tangu hapo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa ndani kwa vidole, kwani mafuta ya ngozi huikataza rangi kushika. Kwa nje bodi ilikuwa na utando mwembamba wa plastiki unaoizuia rangi itakayopeperuka. Utando huo hauondolewi mpaka kila kitu kimekwisha.

Njia ya kupata ukingo kwa ndani si moja. Wapo wanaoziba kila kitu isipokuwa ule mstari wa milimita mbili, wakapuliza nyeusi kwanza, kisha wakafungua sehemu ya bodi na kupuliza rangi yenyewe. Njia hiyo ni sahihi, ila yataka tepu nyingi, na rangi nyeusi ikipenya chini yake hata kwa upana wa unywele, imeharibu bati la gari milele. Shangazi alipoelezwa na kijana njia zote mbili, alichagua ile nyingine, na twaona alichagua vyema: bodi kwanza, ukingo baadaye, na nyeusi iwe ya mwisho.

Ilikuwa hivi. Kasha lilikuja na vibandiko vya kuzibia madirisha, vilivyokatwa kufuata dirisha zima pamoja na raba yake. Alivipanga juu ya kipande cha kioo, akavipunguza milimita 2 pande zote kwa wembe mpya. Alisisitiza kwamba kukata kufanyike juu ya kioo wala si juu ya bodi, na kijana aliyekuwa amesoma maagizo alimuunga mkono: mkwaruzo wa wembe kwenye polikaboneti huwa ndio mwanzo wa ufa, na gari likigonga ufa hufuata njia hiyo hiyo. Vile vilivyopunguzwa vikabandikwa ndani ya bodi, katikati ya kila dirisha. Sasa kukabaki, kati ya kibandiko na mwanzo wa bati, njia tupu ya milimita 2 kuzunguka dirisha zima. Njia hiyo ndiyo raba.

Akaifunika kwa tepu nyembamba ya plastiki laini, ile inayokubali kupinda, si tepu ya karatasi. Tepu ya karatasi hunyooka vizuri lakini kwenye kona hufanya mikunjo, na kila mkunjo ni mlango wa rangi. Ukingo wa nje wa tepu uliufuata mpaka wa bati barabara. Ule wa ndani aliupandisha kidogo juu ya kibandiko cha katikati, pasiwe na mwanya kati ya viwili hivyo. Hiyo ni hila ndogo yenye faida kubwa: ukiacha mwanya, buluu itapenya, na baadaye utaona uzi wa buluu baina ya raba na kioo, mahali ambapo katika gari la kweli hapana buluu.

Kwenye kona ndipo tuliposahau chai yetu. Hakuikata tepu. Aliishika kwa mkono wa kushoto ikiwa imevutika kidogo mno, akawa anaibonyeza kwa ukucha wa kidole gumba wa kulia, hatua moja ya milimita baada ya nyingine, huku bodi ndiyo inayozungushwa. Madirisha sita, saa moja na nusu. Kijana alijaribu dirisha la mwisho, akalirudia mara tatu, na la tatu likakubaliwa.

Kisha kopo. Liliwekwa kwanza katika bakuli la maji ya uvuguvugu (wala si ya moto, na jiko liwe mbali kabisa), likatikiswa sana. Mkono wa kwanza ulipulizwa kwa umbali wa kama sentimita 30, mwepesi kama umande, kiasi cha kwamba mtu angedhani hakuna kilichofanyika. Hapo ndipo wengi huharibu. Hutaka rangi ionekane kwa mpigo mmoja, ikaloa, ikatembea chini ya tepu. Mkono mwepesi hukauka kabla haujapata nafasi ya kutembea, na ukikauka huwa ndio unaoziba ukingo wa tepu kwa ajili ya mikono inayofuata. Walipuliza mara nne, wakipumzika robo saa kila mara. Baada ya buluu wakapuliza fedha. Buluu ya kumetameta hupitisha mwanga kidogo, na kama ingefuatwa na nyeusi moja kwa moja ingekuwa buluu ya usiku. Fedha nyuma yake huifanya ing'ae. Mwenye bodi nyeupe au ya manjano naye aitangulize nyeupe kabla ya nyeusi, la sivyo gari lake litakuwa la rangi ya moshi.

Rangi ilipoanza kukauka lakini ingali laini, shangazi alizivua zile tepu za ukingo, polepole, akizirudisha nyuma juu yake zenyewe badala ya kuzivuta juu. Madirisha matano yalitoka kama yalivyokusudiwa. Katika kona ya dirisha la nyuma, tepu iliondoka na kipande cha buluu, kikubwa kama punje ya ufuta.

Kijana hakusema neno. Akatoka nje.

Tukumbuke tulikotoka: kilicho mbele hakifunikwi na cha nyuma. Lau nyeusi ingepulizwa wakati ule, kile kidoa kingekuwa jino jeusi ndani ya bati la buluu kwa maisha yote ya bodi. Lakini nyeusi ilikuwa bado. Kwa hivyo kidoa kilikuwa bado ni tundu, na tundu laweza kujazwa. Shangazi alipuliza buluu kidogo ndani ya kifuniko cha chupa, akaingoja izidi uzito, akachukua kile kijiti chake cha piko, akaweka tone moja. Alingoja. Akaweka la pili, na juu yake fedha. Kisha akamwita kijana aje aigeuze bodi aitazame kwa nje kupitia utando. Kijana aliitazama kwa muda mrefu, akauliza ni kona gani.

Ndipo nyeusi ikapulizwa, ndani kote, mikono mitatu myepesi. Katika ile njia ya milimita 2 iligusa plastiki na ikawa raba. Kwingine kote iligusa fedha na ikawa mgongo tu, usioonekana na mtu. Kesho yake vibandiko vya katikati vikavuliwa na madirisha yakabaki angavu. Kijana alitaka kuyapulizia rangi ya moshi, ambayo huuzwa kwa kazi hiyo, yawe kama madirisha ya baadhi ya matatu zetu. Tulimshauri asifanye hivyo. Gari la mashindano lina dereva ndani yake, na uzuri ni kumwona. Lakini hilo ni suala la ladha, na mwenye ladha nyingine hana kosa.

Liko jambo moja ambalo watengenezaji makini hulalamikia, nalo ni kwamba rangi iliyo nyuma ya plastiki daima hung'aa, ilhali raba ya kweli haing'ai. Dawa yake ni kuziba bati na kioo kwa tepu kwa upande wa nje, kisha kuusugua ule ukingo mweusi taratibu kwa sponji kavu ya kusugulia vyombo au msasa laini kabisa, mpaka mng'ao ufe. Hili hufanywa baada ya utando kuvuliwa. Shangazi alilikataa, akisema kwamba aliyelala salama asiamshwe.

Kwa bodi ya plastiki ngumu, maelezo yetu ni mafupi kwa sababu ni rahisi zaidi. Rangi ya gari hutangulia kwa nje na kuachwa ikauke siku kadhaa, na ukingo huja mwisho kwa brashi nyembamba au kati ya tepu mbili, kwa nyeusi isiyong'aa sana. Ukingo ukipakwa kwa rangi ya maji juu ya rangi ya TS iliyokauka, mkono ukiteleza hufutwa upesi kwa kitambaa, na kazi ikarudiwa. Mwenye kuanza, na hasa mwenye mtoto mdogo, heri aanzie huko.

Na kwa akina mama tuna neno la tahadhari, kwani nyumba ni yenu. Makopo haya yana mvuke unaolewesha na unaoshika moto. Yasipulizwe jikoni, wala katika chumba kilichofungwa, wala karibu na mtungi wa gesi, na mjamzito na watoto wachanga wakae mbali mpaka harufu iishe. Barakoa ya kitambaa huzuia vumbi, haizuii mvuke. Kinachosaidia ni hewa ya uwanjani. Nyembe zihesabiwe kabla ya kazi na baada yake. Bodi ikichafuka kwa mchezo ioshwe kwa maji na sabuni, na kamwe isifutwe kwa petroli au thina, kwani polikaboneti hufifia na kupasuka kwa vitu hivyo hata kama rangi iko ndani.

Utando wa nje ulivuliwa na kijana mwenyewe, mbele ya simu, baba yake akitazama kutoka Doha. Baba hakusema mengi. Alitaka simu isogezwe karibu na dirisha la nyuma, kisha la mbele, kisha akauliza nani aliyepaka raba. Alipoambiwa, alicheka kicheko kirefu na kuuliza kama dada yake anatoza bei ya bibi harusi.

Tunapoandika haya, wavulana wawili wa mtaa wetu wameshaleta bodi zao. Wameambiwa waziweke kabatini hadi baada ya Idi, kwa sababu wiki hii shangazi ana maharusi watatu.